Taa za kumulika kwenye tela kwa betri yake yenyewe: nimerudia mara tatu, haya ndiyo niliyojifunza

Fundi Tela

Wakuu, salaam. Kazi hii nimeifanya mara tatu kwenye tela ileile moja, na imetulia mara ya tatu tu. Naiweka hapa yote, pamoja na palipoharibika, kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo nilikuta watu wengi wanabishana kuhusu taa ipi ni kali na wachache sana wanazungumzia waya. Kwenye kazi hii taa ndiyo sehemu rahisi.

Tela yenyewe ni ya ekseli moja, kitanda kina urefu wa mita 3. Inapeleka vifaa kwenye eneo la kazi, inaachwa pale, gari linaondoka. Giza likiingia bado kuna kupakia na kupakua, kuna kamba za kukaza, kuna nati imeanguka kwenye majani. Nilitaka taa nne za LED, wati 20 kila moja, moja kila kona, na ziwake hata gari likiwa halipo.

Mara ya kwanza nilidonoa umeme kwenye waya wa taa za nyuma za tela. Waya ule na fyuzi yake vimepimwa kwa balbu chache za wati 5. Nilipoubebesha wati 80, fyuzi ya gari ikaungua, na taa za nyuma za upande mmoja zikazimika nayo nikiwa barabarani. Tela isiyoonekana usiku inaua watu. Nawasihi sana: waya za indiketa, breki na taa za nyuma msiziguse. Taa za kazi ziwe na betri yake, fyuzi zake na waya zake.

Mara ya pili nikaweka betri ya ampea-saa 100 kwenye sanduku mbele, karibu na mkono wa kuvutia. Waya wa chanya nikaupitisha vizuri hadi kwenye kila taa. Hasi nikaifunga kwa waya mfupi kwenye bolti ya chasi, na kila taa nikaipa ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kwenye chuma kilicho karibu nayo, kama ilivyo kwenye magari. Taa zikawaka, ila mwanga umefifia kama tochi iliyochoka. Nikabadilisha taa moja nikidhani ni mbovu. Ile mpya nayo ikafifia vilevile. Nikachaji betri usiku kucha, hakuna tofauti.

Ndipo nikachukua mita. Hiki ni kipimo ambacho kila mwenye tela anapaswa kukijua. Washa taa zote kwanza, maana zikiwa zimezimwa hutaona kitu. Weka mita kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri. Ncha moja ya mita iguse hasi ya betri, ncha ya pili iguse waya hasi wa taa palepale unapoingia kwenye taa. Kama njia ya kurudi ni nzuri utasoma karibu na sifuri. Mimi nilisoma volti 1.2. Hizo ni volti ambazo betri inazitoa na taa haizipati, zinaliwa njiani.

Nilifungua ile bolti ya ethi. Rangi ya chasi ilikuwa imebaki duara kamili chini ya washa (kile kibati cha duara kinachokaa chini ya bolti), inang'aa kama siku ilipopakwa. Umeme wa taa zote nne ulikuwa unajipenyeza kwenye nyuzi za bolti tu, na nyuzi zenyewe zina kutu. Ampea zipatazo 5 zilikuwa zinapita pale. Zidisha kwa 1.2 unapata wati 6 za joto kwenye bolti moja. Kweli ilikuwa ya moto, nilipoigusa kwa kidole nilikiondoa.

Ningeweza kukwangua rangi, kuweka grisi na kumaliza. Lakini tela si gari. Inalala nje, inaoshwa na matope, ina viungo vya kuchomelea, bawaba na bolti ambazo hakuna aliyezifikiria kama njia ya umeme. Ukikwangua leo, kutu inarudi. Kwa hiyo mara ya tatu nikavuta waya hasi wangu mwenyewe kutoka kila taa hadi kwenye betri. Chasi haibebi tena umeme wa taa.

Sasa unene wa waya. Wati 80 kwa volti 12 ni ampea 6.7. Kutoka betri hadi taa ya mbali zaidi, ukifuata kona zote za chasi, ni kama mita 6. Watu wanapiga hesabu ya mita 6 na kusahau kwamba umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 12 za shaba. Waya wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa takribani omu 0.0115 kwa mita. Mita 12 zinakupa omu 0.14, na kwa ampea 6.7 unapoteza volti 0.9. Ukitumia waya wa 2.5 unapoteza kama 0.55. Waya wa 4 unapoteza 0.35 hivi, yaani chini ya asilimia 3. Nimechukua wa 4 kwa njia kuu, na kutoka kwenye kisanduku cha kugawia kwenda kila taa nimetumia 1.5, kwa kuwa pale inapita ampea isiyofika 2 tu. Hesabu yangu imechukulia taa zote ziko mwisho kabisa, kwa hiyo hali halisi ni nzuri kuliko hapo.

Chagua waya wenye nyuzi nyingi nyembamba ndani, ule unaopindika. Waya mgumu wa ukutani wenye uzi mmoja wa shaba haufai kwenye kitu kinachotikisika; unavunjika ndani ya ganda na kwa nje huoni chochote.

Fyuzi kuu ya ampea 15 iko sentimita 15 kutoka ncha chanya ya betri. Kila taa ina fyuzi yake ya ampea 3 kwenye kisanduku. Viungo vyote vimebanwa kwa koleo la kubana lagi (vile vichwa vya chuma vya ncha za waya), halafu nimevuta kila kimoja kwa nguvu ya mkono, halafu nikavalisha mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Sijasokota waya na kufunga tepu mahali popote.

Karibuni kwa maswali.

Koleo

Mkuu, maelezo yameshiba. Swali langu: kwa nini ujisumbue na betri ya pili wakati plagi ya tela tayari inatoka kwenye gari? Hakuna pini ya umeme wa kudumu pale?

Fundi Tela

Inategemea plagi, mkuu. Ile ya pini 7 ya kawaida, ya mpangilio wa ISO 1724, haina. Ina indiketa mbili, taa za nyuma kulia na kushoto, breki, taa ya ukungu na ethi. Pini zote 7 zimeisha. Ile ya pini 13, ya ISO 11446, inayo: pini ya 9 ni umeme wa kudumu na ethi yake ni pini ya 13, pini ya 10 ni umeme unaokuja swichi ya gari ikiwa imewashwa, na ethi yake ni ya 11. Fungua plagi uhakikishe waya umefungwa kweli, maana magari mengine yana tundu la pini 13 lakini nyuma yake pini ya 9 na ya 10 ni tupu.

Hata ukiwa nayo, mimi ningeitumia kuchaji betri ya tela safarini, nisiitumie kuwasha taa moja kwa moja. Ukiwasha taa usiku kucha kwa betri ya gari, asubuhi gari haliwaki, na uko porini.

Gereji ya Usiku

Naongezea kwenye fyuzi, maana hili lilinikuta.

Fyuzi nilikuwa nayo. Ila niliiweka kule nyuma karibu na taa, kwa sababu ndiko ilikokuwa rahisi kuifikia. Kati ya betri na fyuzi kulikuwa na waya wa mita 2 unaopita kwenye tundu nililolitoboa mwenyewe kwenye chuma cha chasi. Sikuweka mpira kwenye tundu. Hasi ya betri ilikuwa imefungwa kwenye chasi.

Ukingo wa tundu lililotobolewa una makali, hata ukiupitisha kidole unayasikia. Tela ikitikisika, waya unasugua pale pale kila siku. Baada ya miezi kadhaa ganda likaisha na shaba ikagusa chuma. Betri ya risasi ya ukubwa ule ikipigwa shoti inamwaga mamia ya ampea, na hapakuwa na kitu cha kuikata. Nilianza kusikia harufu, kisha nikaona moshi unatoka chini ya kitanda. Nilipoinama, ganda la waya lilikuwa linadondoka kama nta ya mshumaa na shaba ndani imekuwa nyekundu. Nilifungua ncha ya betri kwa spana huku mikono inatetemeka.

Fyuzi kule nyuma ilikuwa nzima kabisa. Hakuna umeme uliopita kwake.

Fundi Tela

Pole sana ndugu yangu, na ahsante kwa kulisema. Fyuzi inalinda waya ulio mbele yake tu. Waya ulio kati yake na betri hauna mlinzi, kwa hiyo kipande hicho kiwe kifupi kadiri inavyowezekana.

Mwanafunzi wa Umeme

Nina hoja moja na mtoa mada. Umesema chasi haibebi umeme wa taa. Je, hasi ya betri umeiacha bila kugusa chasi kabisa? Kama ndivyo, chanya ikichubuka na kugusa chuma hakuna fyuzi itakayoungua, kwa sababu hakuna njia ya kurudi. Hitilafu itakaa pale kimya hadi hasi nayo ichubuke mahali pengine.

Fundi Tela

Umegusa penyewe, na nilipaswa kulieleza. Hasi imeunganishwa na chasi mahali pamoja tu, pale kwenye betri, kwa waya mnene uleule wa 4, rangi imekwanguliwa hadi chuma cheupe na kupakwa grisi. Waya huo haubebi kitu taa zikiwaka kawaida. Kazi yake ni moja: chanya ikigusa chuma, umeme upate njia nzuri ya kurudi na fyuzi iungue papo hapo. Kuna sababu nyingine pia. Baadhi ya taa hizi zina hasi iliyoungana na bodi yake ya aluminiamu, na ukiifunga taa kwa bolti kwenye chuma, chasi tayari imeingia kwenye saketi upende usipende. Afadhali uipangie wewe mwenyewe.

Nyota ya Jioni

Mimi nilitumia betri ya kawaida ya gari iliyokuwa imebaki bila kazi. Miezi minne ikafa. Ilikuwa inawasha taa saa tatu, halafu saa moja, mwisho dakika kumi. Betri mbovu au nilikosea?

Fundi Tela

Betri ilifanyishwa kazi isiyo yake, dada. Betri ya kuwashia gari ina bamba nyingi nyembamba ndani, imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha kurudishiwa chaji na altaneta mara moja. Ukiinyonya hadi chini kila usiku, bamba zile zinaharibika haraka. Tafuta betri ya mzunguko wa kina, ile inayotumika kwenye sola; bamba zake ni nene.

Na hata hiyo, ya risasi usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu. Ya ampea-saa 100 ihesabu kama 50. Kwa ampea 6.7 unapata saa 7 hivi, na ikizeeka zinapungua. Pima volti ikiwa imepumzika saa kadhaa bila mzigo wala chaji: 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.9 umeshaidhulumu. Mimi nimefunga kifaa cha kukata umeme chenyewe volti zikishuka, kwa sababu mtu aliye kazini usiku hakumbuki kupima betri.

Jambo jingine lililoua betri nyingi ni kuiacha imeisha chaji kwa wiki nzima. Chumvi ya risasi inaganda kwenye bamba na haitoki tena. Ukirudi nyumbani, chaji siku hiyo hiyo.

Uzito wa Mbele

Kwa nini usiende kwenye lithiamu moja kwa moja? Nazungumzia ile ya fosfati ya chuma, LiFePO4. Seli nne za volti 3.2 zinakupa 12.8. Ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 12 hivi, wakati ya risasi inafika kilo 30. Unaitumia hadi asilimia 80 au 90 bila kuiumiza, na volti zake hazishuki taratibu, kwa hiyo taa zinabaki na mwanga uleule hadi karibu mwisho.

Fundi Tela

Sina ubishi nayo, ni betri nzuri. Niliweka ya risasi kwa kuwa nilikuwa nayo. Kwa anayekwenda huko ayashike mambo mawili. Chaja iwe ya lithiamu, na betri isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, seli zinaharibika. Na kwa kuwa volti zake zimetulia karibu muda wote, mita ya volti haitakuambia imebaki kiasi gani. Weka kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Kuhusu uzito, jina lako limenikumbusha: sanduku la betri nililiweka mbele ya ekseli kwa makusudi. Kilo 30 nyuma ya ekseli zinainua mkono wa kuvutia, na tela iliyo nyepesi mbele inayumba ikikimbia. Usizidishe mbele pia, kila kiunganishi cha gari kina kikomo cha uzito kilichoandikwa.

Koleo

Swichi je? Nina swichi za ukutani zimeandikwa ampea 10, volti 250. Zinafaa?

Mwanafunzi wa Umeme

Usizitumie, kaka. Zile ni za umeme wa majumbani unaobadilika. Umeme wa hertzi 50 unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche inayoruka swichi inapofunguka inazimika yenyewe. Umeme wa betri haupiti sifuri hata mara moja. Cheche inajivuta, inakula sehemu za kugusana, na siku moja swichi inagandiana haizimi. Tafuta iliyoandikwa DC pamoja na ampea zake.

Fundi Tela

Sahihi. Kwa wati 80 swichi ya DC ya ampea 20 inatosha bila rilei (swichi inayowashwa kwa umeme). Rilei inaingia pale unapotaka swichi iwe mbali, tuseme nyuma ya tela na betri iko mbele: badala ya kuuzungusha ule waya mnene, unapeleka waya mwembamba wa kuamsha rilei. Namba ziko chini ya rilei yenyewe: 30 inatoka kwenye fyuzi, 87 inakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni za koili inayoiamsha. Chukua yenye diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani au uiweke mwenyewe sambamba na koili, na ukifanya hivyo angalia upande wa chanya usiugeuze, fyuzi itaungua.

Mwangaza Mama

Naomba tuzungumze kuhusu mwanga wenyewe, maana ndio tunaoutafuta. Mimi nafanya kazi ya kupakia usiku na nimesumbuliwa sana na taa zilizofungwa vizuri kwa umeme lakini vibaya kwa macho.

Taa ikiwa kwenye usawa wa kifua, kila anayeitazama tela anapofuka. Unatembea kuelekea kwenye mwanga na huoni unapokanyaga. Mimi nimechomelea bomba mbili kwenye kona za mbele, kila moja inachomoza hadi mita 2.2 kutoka ardhini, zinateremshwa na kulazwa kwa pini wakati wa safari. Taa zinatazama chini kwa mshazari. Tangu hapo hatupepesi macho tena.

Jambo la pili ni kivuli. Taa moja kali nyuma yako inakupa kivuli chako mwenyewe juu ya kazi unayoifanya, na huwezi kukikwepa. Taa mbili dhaifu kutoka pande mbili zinafutiana vivuli. Ningechagua mbili za wati 20 kuliko moja ya 40, kila mara.

Na tusidanganyike na umbali. Ukienda mbali mara mbili, mwanga unaokufikia ni robo. Kama unataka kuona mita 15 mbali, usiongeze wati. Sogeza taa, au weka moja yenye mwale mwembamba kwa ajili ya huko.

Fundi Tela

Dada, hilo la vivuli limenigusa, kwa sababu zangu nne nilikuwa naziwasha zote au kuzizima zote. Nitazigawa swichi mbili.

Shamba la Usiku

Taa zangu zinaingia maji. Kwenye boksi zimeandikwa IP65 na bado kioo kina mvuke ndani. Nimenunua mara mbili. Halafu pia zimefifia kama za mtoa mada, na mimi nimefunga ethi kwenye chasi.

Gereji ya Usiku

IP65 maana yake haiingizi vumbi na inastahimili maji ya kurushwa kwa bomba. Haijaahidi kuzamishwa, hiyo ni IP67, mita 1 kwa dakika 30. Lakini mara nyingi maji hayapiti kwenye kioo. Taa ikiwaka muda mrefu hewa ya ndani inapata moto na kutanuka. Mvua ikiipiga inapoa ghafla na kuvuta hewa kutoka popote inapopata, na njia iliyo rahisi ni kwenye waya, kati ya nyuzi za shaba na ganda. Kama ncha ya waya wako iko wazi kwenye unyevu, taa inanyonya maji kama mrija.

Kiungo kiwe ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, waya uingie kutokea chini kupitia glendi (kizibo kinachoubana waya usipitishe maji), na kabla ya kuingia uushushe kidogo kisha uupandishe, ili tone la maji lidondokee pale chini lisifuate waya hadi ndani. Na ukiosha tela kwa mashine ya presha, usielekeze kwenye taa.

Fundi Tela

Na kwa kufifia, Shamba la Usiku, usinunue taa ya tatu. Pima kwanza kama nilivyoeleza juu, taa zikiwa zimewaka, hasi ya betri hadi hasi ya taa. Kisha rudia kwa upande wa chanya, ncha ya betri hadi chanya ya taa. Upande wenye namba kubwa ndio wenye ugonjwa. Utuletee namba.

Uzito wa Mbele

Tusisahau barabarani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 wa usafiri wa barabarani unakataza gari au tela kuonyesha taa nyeupe kwa nyuma, isipokuwa wakati wa kurudi nyuma. Taa ya kumulika iliyosahaulika ikiwaka inampofusha anayekufuata, na kwa mbali anadhani unakuja upande wake. Weka swichi kuu ya kukata kwenye betri, na kitaa kidogo chekundu kinachoonekana kwenye kioo cha pembeni cha dereva kikiwaka pamoja na taa za kazi. Kikiwa kinawaka, huondoki.

Nyota ya Jioni

Kuchaji kwa sola kunatosha? Tela yangu inakaa nje mchana wote.

Fundi Tela

Inatosha sana, na ndiyo chaji bora kwa betri ya risasi kwa sababu inarudishiwa kila siku. Paneli ya wati 100 kwenye jua kali inatoa kati ya ampea 5 na 6. Ukipata saa 5 za jua zuri, ni ampea-saa 25 hadi 30, yaani umerudisha karibu saa 4 za taa zote nne. Lazima pawe na kidhibiti cha chaji katikati. Paneli ya volti 12 ikiwa haina mzigo inafika volti 20 na zaidi, ukiifunga moja kwa moja utaipika betri. Kidhibiti cha aina ya MPPT, kinachotafuta kiwango bora cha nguvu ya paneli, kinakupa zaidi kuliko cha aina ya PWM, ile rahisi, hasa asubuhi yenye baridi, lakini kwa paneli moja ndogo hata PWM inafanya kazi.

Fyuzi iwekwe hapo pia, kati ya kidhibiti na betri, upande wa betri. Na unganisha betri kwenye kidhibiti kwanza, paneli baadaye. Vidhibiti vingi vinasoma volti za betri ndipo vijue vifanye nini.

Kama betri yako ni ile ya kuongezwa maji, sanduku liwe na matundu ya juu. Ikichajiwa inatoa hidrojeni, na hidrojeni inapanda. Usiweke swichi wala rilei ndani ya sanduku hilo, cheche moja inatosha.

Koleo

Ukiniuliza mimi, hapo kwenye matundu ya juu watu wengi wanapuuza. Ahsante.

Shamba la Usiku

Nimerudi na namba. Betri volti 12.5 taa zikiwa zimewaka. Upande wa chanya nimesoma 0.2. Upande wa hasi 0.9. Nimefungua bolti ya ethi: rangi chini ya washa, kama ilivyosemwa, na lagi ina vumbi la kijani.

Leo nimevuta waya hasi wa 4 hadi kwenye kisanduku cha nyuma na kuunga taa zote hapo. Nimepima tena hasi: 0.1. Taa ni zilezile za zamani, hata ile yenye mvuke, na sasa naona matairi ya gari lililo upande wa pili wa uwanja. Kesho nafungua matundu ya chasi moja moja niangalie kama yana mpira, kwa sababu mawili nakumbuka kabisa sikuyawekea.